Khinalug

Khinalug (kwa Kiazerbaijani: Xınalıq) ni kijiji cha milimani katika wilaya ya Quba, kaskazini mwa Azerbaijan. Kiko kwenye safu ya Kaukazi Kubwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na mlima Shahdag wenye kimo cha mita 4,243. Wakazi wake ni takriban 2,000.

Makazi

Nyumba za mawe zimepangwa kwa ngazi kwenye mteremko mkali, hivyo paa bapa la nyumba ya chini hutumika kama ua wa nyumba ya juu. Kwa sababu miti ni haba sana, wenyeji hukausha samadi ya mifugo kama matofali na kuitumia badala ya kuni wakati wa baridi.

Lugha

Wakhinalug ni Waislamu Wasuni. Lugha yao, Kikhinalug, ni mojawapo ya lugha za Kaukazi ya Kaskazini-Mashariki. Haina undugu na Kiazerbaijani, ambacho ni lugha ya Kituruki, na hata vijiji vya jirani vina lugha tofauti. Iko hatarini kutoweka: watoto husoma kwa Kiazerbaijani, na kijana anayehamia mjini hupata nafasi chache za kuizungumza.

Ufugaji

Riziki kuu ni kondoo. Majira ya baridi yakikaribia, wachungaji huteremsha makundi hadi malisho ya nyanda za chini, na kuyarudisha milimani kabla ya joto la kiangazi. Njia yao, iitwayo Köç Yolu, ina urefu wa kilomita 200 hivi. Mwaka 2023 kijiji, malisho na njia hiyo viliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ziara

Barabara mpya kutoka mji wa Quba, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilirahisisha safari, ingawa theluji bado huweza kuizuia. Wageni hulala katika nyumba za wenyeji, na familia hupata kipato bila kuhama. Lakini barabara hiyohiyo huleta vifaa vipya vya ujenzi, na baadhi ya paa bapa zimefunikwa kwa mabati. Mgeni anapaswa kuomba ruhusa kabla ya kupita juu ya paa, kwani huo ni ua wa mtu.