Mwaka wa Mpiga Picha Serengeti

Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kaskazini mwa Tanzania, kalenda ya mpiga picha hupangwa na mvua, kwa kuwa nyumbu zaidi ya milioni 1 hufuata majani mabichi. Januari hadi Machi huwa kwenye nyanda za kusini, karibu na Ndutu, ambako udongo wa majivu ya volkano huotesha nyasi fupi zenye madini yanayowafaa wanyama wanaonyonyesha. Huo ndio msimu wa picha za ndama, na za duma wakiwinda mahali pa wazi. Masika huharibu barabara, lakini huosha vumbi hewani na kupamba anga kwa mawingu mazito. Juni makundi hukaribia Mto Grumeti. Julai hadi Oktoba huvuka Mto Mara. Novemba, mvua za vuli huyarudisha kusini.

Karibu na ikweta jua hupanda upesi, hivyo mwanga laini hudumu kwa muda mfupi tu baada ya macheo na kabla ya machweo. Mnyama anayekimbia huhitaji kasi ya sekunde 1/1000 au zaidi ili picha isitoke na ukungu.