Je, Wajua Kazi ya Jeni NR3C1?

Katika kromosomu ya 5 ya mwanadamu imo jeni ambayo wataalamu wameipa jina la NR3C1, nayo kazi yake ni kutoa maagizo ya kuunda kipokezi cha kortisoli, ile homoni inayomiminwa katika damu na tezi zilizoketi juu ya figo pindi mtu aingiwapo na khofu. Kortisoli ifikapo ubongoni na kunaswa na kipokezi hicho, ubongo hutambua kwamba tahadhari imetosha, ukaziamuru tezi zipunguze kumimina, na mwili ukarejea katika utulivu wake.

Walakin jeni haitendi kazi kwa kiwango kimoja maisha yote. Vijichembe vya kemikali viitwavyo methili huweza kujibandika juu yake, na aghalabu vikizidi huinyamazisha, ijapokuwa jeni yenyewe haikubadilika hata herufi moja.

Jambo hili limechunguzwa kwa Wanyarwanda, watu walioijua khofu kwa kiasi kisichoelezeka. Kwani huko Nyanza ya Kicukiro, jirani na Kagarama mjini Kigali, watu zaidi ya 2,000 waliuawa tarehe 11 Aprili 1994, baada ya askari wa Umoja wa Mataifa kuiacha shule waliyoikimbilia. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, Nader Perroud wa Geneva na wenziwe, akiwamo Léon Mutesa wa Rwanda, waliwapima wanawake 25 waliopitia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi wakiwa waja wazito, pamoja na watoto wao, wakawalinganisha na wanawake 25 wenye asili moja nao, waliokuwa na mimba wakati uo huo lakini mauaji hayakuwafikia. Ikadhihirika kwamba mama waliofikwa na msiba, na watoto wao kadhalika, walikuwa na methili nyingi zaidi juu ya NR3C1, na kortisoli pungufu na vipokezi vichache zaidi.

Hata hivyo, mwaka huo huo uchunguzi mwingine wa manusura wa Rwanda ulionyesha kwamba wanaume wenye methili nyingi mahali fulani pa jeni hiyo hiyo walisumbuliwa kwa uchache na kumbukumbu za maafa. Basi alama moja si hukumu ya maradhi, na idadi ya waliopimwa ilikuwa ndogo.

Kwa hiyo, ewe msomaji, umwonapo jirani amepatwa na ihahamuka, yaani kiwewe cha kurejewa na kumbukumbu za mauaji, katika siku za kumbukumbu za Aprili, usiseme kwamba ukoo wake una wazimu; keti naye, umsikilize, kisha umfikishe kwa tabibu.