Mungu akimrudi mtu, je, amemchukia?



Kila kunapokuwa na kilio, hatukosi mtu wa kusema: "Mungu anamuazibu." Mtoto akifa, bwana akipoteza kazi, familia ikikimbia vita na kuacha shamba na mbuzi, neno ni hilo. Mama mwenye uchungu anabaki na mizigo miwili: msiba wenyewe, na woga kwamba Mungu amemchukia. Tuangalie Maandiko.

Wengi hutumia barua kwa Waebrania, sura ya 12. Inakumbusha fundisho la Methali sura ya 3: Mungu huwarudi anaowapenda, kama mzazi na mtoto wake. Kumrudi mtoto ni kumwonya na kumnyoosha. Neno la Kigiriki lililotumiwa hapo ni paideia, linalotokana na neno "mtoto". Sisi walimu tunajua ndugu yake, pedagojia. Maana yake ni malezi yote: kufundisha, kuzoeza, kuonya, kukosoa. Azabu inaweza kuwa ndani yake, lakini shabaha ni mtoto akomae.

Tena, barua hiyo iliandikiwa nani? Sura ya 10 inaeleza: ni watu waliotukanwa mbele ya wengine, waliowahurumia wafungwa, walionyang'anywa mali yao. Wamama walioporwa vitu watajiona hapo. Mwandishi hawaambii kwamba waliporwa kwa sababu ya zambi zao. Anawaambia wasilegee, maana hata katika mateso hayo wangali watoto wa Mungu, naye anawalea.

Kwa hiyo tusifanye kama rafiki za Ayubu. Walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo walifanya vizuri. Walipoanza kumtafutia kosa, waliharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda zambi, yeye au wazazi wake? Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi.

Mama anaweza kumwuliza Mungu mwenyewe katika sala: "Unanifundisha nini?" Jirani asimjibie. Jirani alete maji, kuni na unga, akae naye.

Na nyumbani kwetu? Neno paideia liko pia katika Waefeso 6:4, ambapo wazazi wanaambiwa walee watoto bila kuwachokoza. Darasani, mtoto aliyekosolewa kwa upole hurudia zoezi. Aliyepigwa kwa hasira hukumbuka fimbo tu, na kesho yake anaficha daftari. Mtoto akila pesa ya unga, mwambie kosa lake waziwazi, mpe kazi ya kulilipa, na usimtukane. Jioni ale bugali pamoja na wengine, ili ajue angali mtoto wa nyumba hiyo.

Kwa mkutano wa wiki hii, someni pamoja Waebrania 12:4-11, kisha mzungumze:

1. Ni maneno gani tunayowaambia wafiwa ambayo tungepaswa kuyaacha?
2. Ni mama gani wa kikundi chetu ana msiba sasa, na nani ataenda kukaa naye?
3. Mtoto wangu akikosa, anajuaje kwamba ningali ninampenda?