Gumba na Shahada

Wenzangu niliosoma nao huniuliza mara kwa mara kwa nini napiga gitaa kwa vidole viwili tu, hali Mungu amenipa kumi. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi kazi hiyo ilivyo, maana wengi huidhani ni uvivu.

Mwalimu wangu hapa Rumonge alikuwa mjomba, mvuvi wa ndagala. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, lakini mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti samaki, mitumbwi hupumzika ufukoni na wavuvi hubaki nyumbani. Siku hizo ndizo zilizokuwa darasa langu.

Mjomba alimfuata Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya katika Katanga mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alimkuta Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, akanasa nyimbo zake, "Masanga" ikiwa miongoni mwao. Kwa kuwa Mwenda aliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili, sisi wa kandokando ya ziwa hatukuhitaji mkalimani. Alifika hata Nairobi, na vijana wa Kenya wakamwiga sana. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Sasa sikilizeni ufundi wenyewe. Gumba hupiga nyuzi nene, na shahada nyembamba. Gumba hutembea sawasawa kama kasia. Shahada hucheza katikati ya hatua zake, mara ikitangulia, mara ikichelewa, hata mtu aliye nje ya nyumba huapa kwamba ndani mna wapigaji wawili. Wapigaji wa flamenco kule Hispania hutumia vidole vyote, na hukwangua nyuzi kwa kucha zikavuma kama mvua juu ya bati. Nawasifu, lakini kwa Mwenda kila uzi husema peke yake, na ukikosea hakuna kelele ya kukuficha. Wimbo ukiwa chini mno kwa koo la mwimbaji, mjomba alilaza penseli juu ya nyuzi shingoni mwa gitaa, akaifunga kwa mpira, na sauti ikapanda.

Shida ni kwamba vidole viwili vya mkono mmoja hupenda kufuatana kama kondoo. Shahada ikiharakisha, gumba nalo hukimbia. Mjomba alinifunga vidole vitatu vilivyobaki kwa kipande cha wavu mbovu, akaniamuru nipige gumba peke yake, mwezi huu na mwezi ujao. Baba aliona nazidi kuwa mjinga. Mimi nilitaka wimbo, si kasia! Nilivumilia miezi minne, kisha nikakimbilia Bujumbura, nikapiga gitaa la umeme kwa kijiti cha plastiki katika bendi ya dansi. Tulipiga kwa nguvu, nami nikajiona fundi.

Niliporudi baada ya miaka sita, kamba za wavu zilikuwa zimekwisha kumkata mjomba kidole cha shahada, nacho hakikukunjika tena. Alishika gitaa akapiga gumba tu, taratibu, akaniambia, "Mwanangu, upande mwingine ni wako." Ndipo nilipotambua kwamba huo upande mwingine sikuwahi kungoja nikafundishwa.

Nimeutafuta kwa santuri, nikirudisha sindano nyuma hata sahani ikachakaa. Siku hizi vijana hutazama picha katika simu, wakazipunguza mwendo, na wapata haraka kuliko mimi. Hata hivyo simu haimfungi mtu vidole. Kijana mmoja wa kidato cha tatu huja kwangu mwezi ukiwa mpevu, ingawa hakuna mvuvi kwao. Amekwisha lalamika mara mbili kuhusu kile kipande cha wavu. Wiki iliyopita gumba lake halikukimbia mpaka wimbo ulipokaribia kwisha.