Birika lako linakula kuni?

Mwezi huu tuingie jikoni kidogo. Chukua birika lako la chai, chungulia ndani. Unaona ule ukoko mweupe chini? Hiyo ni chokaa. Hapa Kakuma tunatumia maji ya visima virefu vya kando ya laga ya Tarach, na maji ya chini ya ardhi hubeba madini ya mawe. Ukiyachemsha, chokaa iliyokuwa imeyeyuka inajitenga na kushika kwenye birika.

Si sumu. Shida ni kuni. Ukoko haupitishi moto vizuri, kwa hiyo chai inachelewa kuchemka na kuni zinaisha kabla ya mgao mwingine. Na kila mama anajua hatari ya kwenda kutafuta kuni porini.

Wengi tunasugua kwa majivu. Jamani, majivu ni mazuri kwa masizi ya nje na mafuta, lakini chokaa hayaigusi. Jirani yangu mmoja alikwangua kwa msumari, birika likatoboka, sasa anapanda maua ndani yake.

Chokaa inaogopa kitu kichachu. Kamulia limau mbili katika lita moja ya maji, mimina birikani, chemsha, kisha epua na uache kama nusu saa. Utaona povu dogo, ndiyo chokaa inayeyuka. Mwaga, sugua kwa kitambaa, suuza mara mbili. Ukoko ukiwa mnene, rudia kesho. Limau ikiwa ghali sokoni, loweka konzi ya ukwaju (Waturkana wanauita epeduru), chuja, tumia maji yake vilevile. Hata siki inafaa.

Ila birika la alumini usililaze usiku kucha na uchachu, unakula alumini yenyewe. Na tafadhali sana, usichanganye limau wala siki na dawa ya klorini ya kutakatisha nguo! Inatoka hewa kali inayochoma kifua, na nyumba zetu ni ndogo, watoto wamelala humo humo.

Chupa ya chai nayo isafishe hivyo hivyo, kwa maji ya moto na limau, lakini usiifunge wala kuitikisa. Lile povu ni hewa, linaweza kurusha kifuniko usoni.