Je, Wajua? Herufi Moja Katika Damu ya Watu wa Sinza

Sinza, hapa Dar es Salaam, ni mji wa waliohamia. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja hapa na kuviwekea barabara na maji, na watu wakaja kujenga kutoka Kagera, Mara, Kilimanjaro, Tanga, Mtwara na kwingineko. Watoto wao wamekulia mitaa ya Mori, Kijiweni, Kumekucha na Makaburini, wakasoma shule moja, wakaoana. Kila ukoo ulioshusha mizigo Sinza ulikuja na kitu kisichoonekana kwa macho: kumbukumbu ya vita vya mababu zake dhidi ya malaria, iliyoandikwa ndani ya damu.

Je, wajua kwamba kila seli yenye kiini mwilini mwako imebeba takriban mita mbili za DNA, ambayo tunaiita vinasaba? Ni nyuzi mbili zinazozungukana kama msuko wa saluni, na katikati yake zimeshikana kwa herufi nne za kikemia: A, T, G na C. A huungana na T tu, G huungana na C tu. Kwa hiyo anayejua mpangilio wa uzi mmoja anaujua na wa mwenzake, na ndivyo seli inavyoweza kujinakili: nyuzi zinaachana, kila mmoja unajengewa mwenza mpya. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick kule Cambridge, wakitegemea sana picha ya eksirei iliyopigwa mwaka uliotangulia katika maabara ya Rosalind Franklin, London. Franklin alifariki mwaka 1958, na Tuzo ya Nobel ya ugunduzi huo ilipotolewa mwaka 1962 jina lake halikuwamo. Anastahili kutajwa kila DNA inapotajwa.

Herufi hizo ni takriban bilioni tatu katika seti moja, na kila mtu ana seti mbili: kromosomu 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Shikilia hapo kwenye seti mbili, maana ndipo penye kiini cha habari yetu.

Wengi hapa Dar es Salaam hulisikia neno vinasaba pale panapozuka ubishi wa nani baba wa mtoto. Kipimo hicho hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Na hapa pana jambo linalowashangaza hata wanaofanya kazi hospitalini: chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina DNA ya kiini ya kupima. Sampuli ya damu inapopimwa vinasaba, zinazosomwa ni chembe nyeupe. Chembe nyekundu hukitupa kiini chake kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu, ili ibaki na nafasi kubwa zaidi ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Lakini maagizo ya kuitengeneza himoglobini yalikwishasomwa kabla kiini hakijaondoka. Yakiwa na kasoro, chembe itaishi na kasoro hiyo mpaka mwisho wake.

Sasa tuingie kwenye kasoro yenyewe. Katika kromosomu ya 11 kuna jeni inayotoa maagizo ya kipande cha himoglobini chenye asidi amino 146. Mahali pa asidi amino ya sita, watu wengi wana herufi GAG. Baadhi wana GTG. A imekuwa T, basi. Herufi moja kati ya bilioni tatu. Kwa badiliko hilo, asidi ya glutamiki inaondoka na valini inakaa mahali pake, na himoglobini hiyo, inayoitwa S, inapoachia oksijeni hunata na kujipanga katika nyuzi ngumu zinazoivuta chembe nzima hadi ipinde. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi kati ya siku 10 na 20. Hiyo ndiyo selimundu, au sikoseli kama tunavyosema mtaani: upungufu wa damu usiokwisha, maumivu makali ya mifupa, na hatari ya kiharusi hata kwa mtoto mdogo.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi hufikia watoto 11,000 kwa mwaka. Mtu mwenye akili timamu lazima aulize: kama herufi hii huua watoto, mbona haijafutika? Mageuko ya viumbe yangepaswa kuiondoa zamani, maana wanaokufa utotoni hawaachi wazao.

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison alikulia Kenya, akasomea udaktari Uingereza, na mwaka 1949 alirudi na msafara wa kisayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa ukielekea Mlima Kenya. Alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali, akaona mpangilio wa ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na himoglobini S. Nyanda za juu, hata mmoja kati ya mia ilikuwa shida kumpata. Kabila halikueleza tofauti hiyo, wala lugha, wala chakula. Kilicholingana nayo ni mbu.

Alichapisha hoja yake mwaka 1954. Mwenye S mbili, yaani SS, anaugua selimundu. Asiye nayo kabisa, AA (A hapa ni himoglobini ya kawaida, si ile herufi ya DNA), anaweza kufa kwa malaria akiwa mdogo. Mwenye moja, AS, kwa kawaida haugui selimundu, na malaria kali inamkosakosa. Tafiti za baadaye zimekadiria kinga hiyo kufikia asilimia 90 hivi. Kimelea kikiingia ndani ya chembe yake, chembe hiyo hupinda kwa urahisi na bandama huiondoa mapema, au kimelea hudumaa humo humo. Kwa hiyo penye malaria nyingi, wenye AS ndio waliofikia utu uzima kwa wingi zaidi na kupata watoto, na S ikaendelea kurithishwa pamoja na machungu yake. Huo ndio uteuzi asilia, na mfano huu ulikuwa wa kwanza kuthibitishwa kwa binadamu kwa uwazi kiasi hicho. Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba badiliko lenyewe lilitokea mara moja tu, kwa mtu mmoja barani Afrika, takriban miaka 7,300 iliyopita.

Sehemu moja ya kazi hiyo inaniumiza kila ninapoisoma. Ili kuthibitisha hoja yake, Allison aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu yao wakiwa na AS. Kati ya 15 wasio na S, 14 waliugua. Kati ya 15 wenye AS, wawili tu. Matokeo yalikuwa wazi, na wote walitibiwa, lakini jaribio kama hilo halipaswi kurudiwa kwa namna ile. Ushahidi ninaouthamini zaidi ulitoka Musoma, ambako alilinganisha watoto wachanga na watu wazima. Miongoni mwa wachanga walikuwamo wenye SS. Miongoni mwa watu wazima, wenye SS walikuwa karibu wametoweka, huku sehemu ya wenye AS ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa kwa wachanga. Kati ya rika hizo mbili kuna makaburi ya watoto wa SS, na ya watoto wa AA waliochukuliwa na malaria.

Turudi Sinza. Binti ambaye kwao ni Musoma akiolewa na kijana ambaye kwao ni Tanga, wametoka sehemu mbili zenye malaria ya tangu enzi, na kila mmoja anaweza kuwa na AS bila dalili yoyote. Katika kila mimba, uwezekano ni robo kwamba mtoto atakuwa SS, nusu kwamba atakuwa AS, robo kwamba atakuwa AA. Kila mimba, narudia. Wapo wanaoamini kwamba wakishampata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika, na imani hiyo imewatesa wengi, kwa sababu mimba ya pili haijui lolote lililotokea kwenye ya kwanza. Na wapo mawifi na mashemeji wanaosema ugonjwa huu umetoka upande wa mama. Hilo si kweli hata kidogo. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba, sawa kwa sawa, na mama aliyenyooshewa kidole kwenye kikao cha ukoo ameonewa. Kipimo cha damu cha kutambua AS kipo, na wachumba wanaoangaliana afya kabla ya ndoa wangekiweka kwenye orodha yao pamoja na kile cha virusi vya UKIMWI.

Je, wajua kwa nini mtoto mwenye SS huonekana mzima kabisa miezi yake ya mwanzo? Tumboni alitumia himoglobini nyingine, ya uchanga, inayotengenezwa kwa jeni tofauti isiyo na kasoro ile. Baada ya kuzaliwa mwili huipunguza polepole, na kufikia kama miezi sita himoglobini S imeshika nafasi. Ndipo viganja na nyayo vinapoanza kuvimba, mtoto analia usiku, na nyumbani wanasema meno. Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, dawa ya hidroksiyurea inatumika kwa sababu ya historia hiyo ya utotoni: inauchochea mwili urudie kutengeneza himoglobini ya uchanga.

S si silaha pekee. Aina ya malaria iitwayo vivaksi, inayosumbua sana Asia, imekuwa nadra kwetu kwa sababu Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana badiliko jingine la herufi moja linaloiondoa kwenye chembe nyekundu alama ya Daffi, mlango ambao kimelea hicho huutumia kuingilia. Iliyotubakia kwa wingi ni falsiparamu, iliyo kali zaidi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ukoo wake ulianzia kwa sokwe wakubwa, gorila, ukahamia kwa binadamu.

Adui naye anabadilika, tena haraka kuliko sisi. Watu wazima wa Dar es Salaam wanaikumbuka klorokwini na ule muwasho wake. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaingia dawa iitwayo SP. Miaka michache baadaye, ikaja dawa mseto, ALu. Sababu ni mageuko yaliyotokea mbele ya macho yetu. Kati ya mabilioni ya vimelea ndani ya mgonjwa, vichache vilikuwa na herufi zilizobadilika na kuviwezesha kuistahimili klorokwini. Dawa iliviua vingine, hivyo vichache vikazaliana. Vinasaba vilionyesha kwamba vimelea sugu hivyo vilitokea Kusini-Mashariki mwa Asia na kusambaa hadi kwetu, na usugu mkubwa dhidi ya SP ulifuata njia hiyo hiyo.

Lakini usugu nao una gharama. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba dawa hiyo iliyokufa imefufuka: kati ya wagonjwa 80 waliopewa, 79 walipona. Bila dawa ya kuvichuja, vimelea vya zamani vilikuwa vimevishinda vile sugu. Sasa wataalamu wanaitazama Kagera, hasa Karagwe, ambako kimeonekana kimelea chenye badiliko linalopunguza kasi ya dawa jamii ya artemisinini, uti wa mgongo wa dawa mseto. Badiliko hilo limeonekana pia Rwanda, na safari hii halikuletwa kutoka Asia. Limezuka ukanda huu huu. Mgonjwa anayeacha vidonge vya ALu siku ya pili kwa sababu amepata nafuu anavibakishia uhai vile vimelea vilivyoanza kustahimili.

Hata mbu hawajabaki nyuma: mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba mbu aina ya funestus wa Morogoro wamekutwa na badiliko la jeni linaloendana na kustahimili DDT.

Dar es Salaam leo ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache ya malaria nchini. Kwa hiyo mtoto wa Sinza mwenye AS amerithi kinga dhidi ya ugonjwa ambao huenda asikutane nao mtaani kwake, ilhali uwezekano wa kumrithisha mwanawe ile herufi haujapungua. Bila malaria, S itapungua yenyewe, ila kwa vizazi vingi sana.

Tiba hazisubiri vizazi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri jeni za mgonjwa wa selimundu, lakini bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili. Kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikiza watoto uloto kutoka kwa ndugu zao. Ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa robo wa kulingana na mgonjwa kwa aina ya tishu, na akiwa na AS bado anafaa kuchangia.