Masurufu ya Diwani: Hutolewaje, Hurejeshwaje?

Diwani anapohitaji fedha kwa kazi ya Halmashauri, hajilipi mwenyewe. Huomba kwa maandishi. Idara ya Fedha huhakikisha kifungu cha bajeti kinatosha. Kisha Mkurugenzi Mtendaji, aliye Afisa Masuuli, huidhinisha. Fedha hizo za kutangulizwa huitwa masurufu. Kazi ikiisha, diwani huwasilisha hesabu na stakabadhi, na kiasi kilichosalia hurudishwa. Masurufu yasiyorejeshwa hubaki kuwa deni lake. Mkaguzi wa Ndani hupitia hati hizo. Naye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa Ibara ya 143 ya Katiba, hukagua hesabu za Halmashauri kila mwaka. Ndugu mwananchi, mkutano wa Baraza la Madiwani uko wazi kwako. Hudhuria, usikilize taarifa ya matumizi: fedha ni zako.